Mtetemeko wa Fundi Jerome

"Hiyo bangili hutoki nayo," Dativa alisema, ameziba mlango, chekeche mkononi.

"Mama, mradi umeisha," alisema Daktari Valentini kutoka kwenye stuli ya wateja, kisanduku magotini. "Vifaa vinarudi Dar."

"Na mume wangu?"

Jerome hakuinua kichwa. Alikuwa akishona sare za shule, kazi pekee ambayo mitumba ilikuwa haijamnyang'anya hapo Kivinje. Mkono wake wa kulia, uliokuwa ukitetemeka hata asiweze kutunga uzi, ulitulia siku alipovishwa bangili ya kupimia ugonjwa. Mtetemeko ulihamia humo. Akiivua kunawa, ulimrudia. Wagonjwa wa Pande, waliovuliwa zao asubuhi, walikuwa wameshaanza kumwaga uji.

"Mlimpiga picha ya ubongo," Dativa alisema. "Mkaona nini?"

"Ugonjwa, mama. Unaonekana vizuri sana."

"Na dawa?"

"Dawa haimo kwenye mradi."

"Mpe," Jerome alisema, akinyoosha mkono. "Ni mali ya watu."

Daktari akafungua kifungo. Mtetemeko ukashuka, ukasimama juu ya kitambaa, ukisogezasogeza pini.

"Uende mguuni, basi," Jerome aliuambia. "Mkono niachie."

"Na cherehani utakanyagia nini, baba Angela? Fikiri kidogo," Dativa alisema.

Sare zilikuwa zinatakiwa Jumatatu, na ile ilikuwa Jumamosi.

Dativa alitazama mikono yake. Wa kulia ndio uliogeuza vitumbua kwenye mafuta. Akahamishia chekeche huko, akaweka wa kushoto juu ya kitambaa.

"Pita huku," alisema.

Ukaingilia kidole cha pete, ukapanda hadi kiwiko, ukatulia hapo ukitetemeka.

Daktari akamwambia Jerome anyooshe vidole. Havikutikisika hata kimoja.

"Matokeo mazuri," alisema. "Wafadhili watafurahi."

"Na huu wangu?" Dativa akauinua.

Daktari alitia bangili kisandukuni. "Wewe hukuandikishwa, mama."

Akafunga kisanduku, akaaga kwa heshima, akakimbilia gari la kwenda Masoko.

Dativa alikaa mkekani, akamimina unga wa mchele kwenye chekeche, akalishika kwa mkono wa kushoto. Unga ukaanza kushuka wenyewe, laini.

"Shona," alimwambia mumewe.