Ametajwa Mara Elfu Mbili

Mjomba alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake haukuwa na breki. Alipotumwa kwenda kumposea mpwa wake, mtafiti wa kemia ambaye wanafunzi walimbatiza Daktari Kutu kwa jinsi alivyoipenda kutu kuliko chakula, hakuridhika kusema kijana ana kazi na adabu. Alitaka kumwaga sifa. Akakumbuka neno alilolisikia siku moja sebuleni kwa dada yake, akalitoa kifua mbele: "Kijana wetu si wa mchezo, mzee. Ametajwa mara elfu mbili, mpaka ughaibuni!"

Bahati mbaya, baba wa binti alikuwa hakimu mstaafu. Miaka yote aliyokaa kortini hakuwahi kuona mtu akitajwa kwa jambo la heri. Akaweka kikombe chini, na posa ikalala hapo hapo.

"Kutajwa mara moja ni bahati mbaya," alimwambia binti yake baada ya mgeni kuondoka. "Mara elfu mbili ni tabia. Sitoi mtoto."

Ndiyo maana Daktari Kutu alikuwa sasa kwenye kochi la hakimu, kompyuta mapajani, jasho likimtiririka. Alimpenda yule binti mpaka basi, na alijua mzee akikataa leo, amekataa. Mchumba wake alikaa ng'ambo ya meza, akijiuma midomo asicheke. Hilo halikumsaidia hata kidogo.

"Mzee, kutajwa huku si kwa kesi," alianza. "Sisi tukigundua jambo, tunaandika makala. Mwenzako akiitumia kazi yako, lazima akutaje. Ukitajwa sana, ndipo unaonekana una maana. Hata cheo wanakupandisha kwa hilo."

"Kwa hiyo ni mashahidi."

"Kama mashahidi, ndiyo."

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo? Nionyeshe."

Akafungua ukurasa wenye makala zake zote, kila moja na idadi ya walioitaja. Hakimu akavaa miwani, akaukagua kama hati ya mashtaka. Makala ya rangi ya kuzuia kutu kwenye mabomba ilikuwa imetajwa mara mia nane. Ya mabati, mia tano. Kichwa cha mzee kikaanza kutikisika kwa kuridhika, na Daktari Kutu akaanza kupumua.

"Na anayekutaja kuliko wote ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Wewe?"

"Mtu akiendeleza kazi yake ya zamani, inabidi ajitaje."

"Nimehukumu wajinga wengi," alisema hakimu polepole, "lakini hakuna aliyejileta mwenyewe kujitaja."

Binti akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika meza. Mzee hakucheka. Kidole chake kiliteremka hadi chini kabisa ya ukurasa, kikasimama.

"Hii imetajwa mara moja tu. Huyu shahidi mmoja ni nani?"

Daktari Kutu alimtupia jicho mchumba wake. Ile ilikuwa makala yake ya kwanza, aliyoiandika kwa moyo wote, na miaka ikapita bila mtu kuigusa. Kila asubuhi alikuwa akifungua ukurasa na kukuta sifuri, na iliuma. Siku sifuri ilipogeuka moja, alianza kumsaka mtu huyo kabla hata ya kunywa chai.

"Ni mimi, baba," binti alisema. "Kwenye tasnifu yangu. Ndivyo tulivyojuana."

Hakimu akamgeukia. "Ulimtaja kwa mema?"

"Wapi! Nilimtaja kumkosoa. Joto la tanuri la kukaushia rangi alilikosea, rangi yake ikawa inabanduka yote. Nilirudia jaribio, nikathibitisha."

"Naye akasemaje?"

"Akaniandikia kwamba nimesema kweli, na kwamba amefurahi kupata mtu aliyeisoma mpaka mwisho. Akaomba nimwonyeshe nilivyofanya."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Daktari Kutu aliitazama ile miwani kama vile hukumu imeandikwa juu yake. Kisha hakimu akaangua kicheko, kile cha tumboni, akampiga begani mpaka kompyuta ikataka kuanguka.

"Basi oa, mwanangu," alisema. "Lakini ujue, huyu atakutaja maisha yako yote."