Faini Niliyomwekea Dereva Maurice

Kama kuna neno moja la uongo humu, jua la Doha linikaushe kama omena. Haya yalitukia Ijumaa mchana, sebuleni kwa binti yangu Nasimiyu, hapa Abu Hamour, na nilikuwa nimeyangoja miaka sita.

Nasimiyu ni nesi. Alinitumia viza nije nipumzishe mifupa, kumbe kuna posa. Kijana ni Wesley, dereva wa hoteli kule Pearl, mpole, anasalimu kwa mikono miwili. Nikauliza baba yake ni nani. Niliposikia jina, nilicheka hadi Nasimiyu akanipima presha.

Maurice! Yule yule aliyenimaliza!

Mimi na yeye tulistaafu reli zamani. Wakatuita tena Pasaka moja, miaka sita iliyopita, tuendeshe injini kongwe ya mvuke iliyotembeza watalii, maana vijana wa leo hawaijui. Yeye dereva, mimi moto. Sasa, kwenye kona ya kushoto tumbo la injini humziba dereva. Anayeona ni mchochea moto, na kazi yake ni kupiga kelele. Siku hiyo dhoruba iliteremka Bonde la Ufa na mvua ya mawe, kila jiwe kama ngumi ya bondia. Upepo ukapuliza king'ora chetu wenyewe, bila mkono wa mtu! Maji yakala kokoto chini ya reli. Mlinzi wa njia akasimama na bendera nyekundu, upande wa kushoto. Hatukusimama. Injini ikalala kwenye tope kama kiboko, na mabehewa mawili yakaifuata. Mama mmoja akavunjika mkono. Maurice akaandika ripoti: "Mchochea moto hakuangalia." Sikuitwa tena. Mtaani wakanibandika jina, Kipofu wa Reli.

Leo amepanda ndege hadi Doha kumposea mwanawe binti yangu! Kwetu wageni wa posa hawaonji chakula kabla ya kulipa faini watakazotajiwa. Nikamnong'oneza Njenga, mlinzi wa jengo la jirani, tuliyemfanya msemaji wetu.

"Faini ya kwanza," Njenga akatangaza, "mzee Maurice asimame, aseme: nilimsingizia Dominiko."

Wesley alinitazama kama mtu aliyepigwa picha na kamera ya spidi.

"Mzee, si ungeitisha tu mbuzi?" akauliza.

"Nimfuge wapi, kwa balkoni?"

Maurice akakuna goti. "Na nisiposema?"

"Mtakunywa maji, mrudi kwenu. Msichana atabaki."

"Baba!" Nasimiyu akaruka.

Sikumjali. Utamu wa kisasi ulikuwa umenijaa mdomoni, nikaona niwape na ushahidi. Nikasimama. Nikawaambia huyu dereva wao aliacha mtambo akaenda kukaanga mayai! Ndiyo, kwenye rafu iliyo juu ya mlango wa tanuri, tunapopashia makopo ya mafuta. Mayai manne, kitunguu, na pilipili hoho. Wageni wakashika vichwa. Shangazi yake Wesley akamgeuzia Maurice mgongo. Lo, raha niliyoisikia! Nikazidi kupanda.

"Tulipoingia topeni," nikanguruma, "karai likaniponyoka, mafuta yakanichoma hapa!" Nikapandisha suruali waone kovu.

Hakuna aliyeangalia kovu.

"Baba," Nasimiyu akasema taratibu, "karai lilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwake."

"Na likakuponyoka wewe?"

Nikateremsha suruali upesi.

"Dominiko," Maurice akasema, "mayai sikuyaandika. Niliandika hukuangalia, nikaishia hapo. Ningeyataja, wangekupeleka kortini kwa ule mkono wa yule mama." Akatikisa kichwa. "Tena yalikuwa yananukia vizuri."

Njenga, msaliti yule, akakohoa. "Kwa hivyo faini inageuka, mzee."

Wakapiga makofi, hata upande wangu. Nikamtazama Nasimiyu. Alikuwa hacheki. Macho yake yalijaa maji, na mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa Wesley kama abiria kwenye behewa linaloinama.

"Nilimsingizia Maurice," nikasema.

"Sauti, baba."

"Nilimsingizia Maurice!"

Halafu nikachukua birika na beseni, nikapiga goti hili lenye baridi yabisi, nikamnawisha mikono mbele ya wakwe wote. Akanawa bila haraka, kidole kimoja kimoja, akisugua hadi kucha, shetani yule, maji yakiniingia kwenye soksi.