Fundo la Kushoto

Gazeti lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, juu ya ratiba ya zamu. Povu alilisoma mikono yake ikiwa bado inatoa mvuke.

"Shuka la mama lilinifikia likiwa na joto lake."

Akasoma tena. Sentensi hiyo ilikuwa yake. Aliiandika kwa kidole gumba kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ameketi juu ya rundo la mashuka machafu humu humu katika chumba cha kufulia cha hospitali, wiki tatu baada ya kumzika mama yake. Aliifuta mara kumi na moja kabla haijakubali kukaa. Akaiweka mwanzoni mwa kisa kwenye blogu yake, anayoiandika kwa jina la kubuni na inayosomwa na watu arobaini, labda hamsini mvua ikiwafungia ndani. Leo ilikuwa chini ya picha ya bwana mmoja mwenye miwani, mwandishi wa safu ya kila Jumapili.

Alisoma hadi mwisho, maji yakimdondoka viwikoni. Fundo lilikuwamo: jinsi wafuaji wanavyofunga fundo kwenye pembe ya shuka alilofia mtu, ili lifuliwe mara mbili, mgonjwa mwingine asije akalalia kifo cha mwenzake. Aya moja tu ilikosekana. Humo Povu alieleza kwamba wanapimiwa kopo moja la sabuni kwa mashuka sitini, kwamba kufua mara mbili ni marufuku, na kwamba ukishikwa na fundo unaitwa mwizi wa sabuni. Mwenye miwani aliiruka aya hiyo kama mtu wa viatu vipya anavyoruka dimbwi.

"Mbona umeganda kama nguzo?" aliuliza Bibi Pasi, aliyekuwa akinyoosha mashuka katika chumba hicho tangu Povu hajaota meno.

"Bibi, hii ni yangu."

"Gazeti?"

"Maneno. Mimi ndiye niliyeyaandika."

Bibi Pasi alitazama mlango kwanza, ndipo akamtazama yeye. "Shusha sauti. Kumbe ni wewe uliyetuanika huko nje?"

"Sikutaja mtu. Hata fundo nililigeuza. Sisi tunafunga pembe ya kulia, mimi nikaandika kushoto, ili mambo yakiharibika tuseme si sisi. Na yeye kaandika kushoto, Bibi! Kaiba mpaka uongo wangu."

Bibi Pasi alicheka kwa mabega tu, bila sauti. "Basi ushahidi unao, mjukuu wangu. Utampa nani?"

Saa ya chai Povu aliwaandikia wenye gazeti. Jibu lilikuja siku ya tatu, lenye adabu zote: ndugu mlalamikaji alete jina kamili, kitambulisho, na barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba kweli anafanya kazi aliyoieleza. Barua ya mwajiri! Akaandika malalamiko chini ya makala yenyewe mtandaoni. Msomaji mmoja akamjibu, "Acha wivu, dogo. Jifunze kuandika kwanza," na watu mia mbili wakapenda. Kesho yake alipofungua blogu yake, pale alipokuwa mama yake palikuwa na mstari mmoja: maandishi haya yameondolewa kwa sababu ni mali ya mtu mwingine.

Usiku ule ule aliamua kuiomba ile barua ya mwajiri. Asubuhi akapiga hodi kwa msimamizi, rasimu zake zote zikiwa kwenye simu, zenye tarehe.

"Pita, Povu. Umekuja wakati mzuri. Makala umeiona?"

"Nimeiona, mzee. Ndiyo iliyonileta."

"Mkurugenzi amefurahi mno. Mwandishi anakuja Alhamisi kupiga picha na nyinyi. Lakini nisikilize." Msimamizi akavua kofia na kuiweka juu ya meza. "Fundo ni zuri gazetini. Humu ndani, nikimwona anayefua mara mbili, siku hiyo hiyo yuko nyumbani. Na nikimjua aliyepeleka habari zetu nje, huyo hata getini hapiti tena. Haya, ulikuwa unasemaje?"

Povu alimfikiria mdogo wake, aliyeachiwa na mama akiwa darasa la sita. Akairudisha simu mfukoni.

"Nilikuwa naomba glavu, mzee. Zangu zimetoboka."

Alhamisi mwenye miwani alikuja na mpiga picha. Alinukia vizuri, akashika mikono ya kila mtu, akawaita mashujaa. Akapewa shuka jeupe. Akalikunja, likafunguka. Akalikunja tena.

"Kijana, hebu nifungie hilo fundo."

Mikono ya Povu ilikwenda yenyewe kwenye pembe ya kulia.

"Hapana, hapana. Kushoto. Kwani hukusoma?"

Bibi Pasi aliweka pasi chini.

"Nilisoma," Povu alisema. "Nilisoma kabla yako."

Tabasamu la mwenye miwani halikuondoka, ila lilikauka. Akamtazama Povu kwa mara ya kwanza, kuanzia ndala mpaka usoni. Kisha akasogea karibu, akasema taratibu, "Basi tunaelewana. Kushoto."

"Kuna tatizo hapo?" msimamizi aliuliza kutoka mlangoni.

Povu aliiachia pembe ya kulia.

"Hakuna, mzee."

Akafunga kushoto.

"Asante, ndugu. Sasa toa mikono," mpiga picha akasema, "unaingia kwenye picha."

Tangu siku hiyo msimamizi aliweka kiti chake kando ya mashine, kopo la sabuni likiwa mapajani. Jumatatu picha ilibandikwa ubaoni: mwenye miwani, shuka, fundo, na pembeni kabisa vidole vitatu vilivyopasuliwa na sabuni, vimekatwa na ukingo wa picha kwenye kifundo.

Chini ya picha hiyo Povu alipokea rundo kutoka wodi ya wanawake. Shuka la katikati lilimfikia likiwa bado na joto. Alilipapasa kwa vidole mpaka pembe ya kulia, akaishika, akainua macho.

"Hamsini na tisa," msimamizi alikuwa akihesabu. "Leta hilo."

Akalitumbukiza mashineni.

"Sitini. Funga mlango."

Kopo moja likamiminwa.