Msiba wa Otiende

Otiende aliposema baba yake mdogo amefariki, karakana nzima ilimwamini. Kwetu Kariobangi kifo hakihojiwi. Githinji, mwenye karakana, alimpa siku tatu, nasi wachomeleaji tukachanga, kila mtu mia mbili. Mimi niliteuliwa kupeleka mchango kwake, mtaa wa Pipeline, na kukaa matangani kwa niaba ya wenzangu.

Nilipanda ngazi hadi orofa ya sita. Hapakuwa na viti vya kukodi mlangoni, wala nyimbo. Benta, mkewe, alinifungulia. Otiende alikuwa ameketi kitandani, amevaa kiatu kimoja, kingine amekishika. Benta alisema amekaa hivyo tangu asubuhi.

Nikamwuliza nani amekufa.

"Hakuna," akasema. "Ningemwambia mdosi Githinji nini, Munene? Kwamba nikitaka kuvaa kiatu mkono unakataa? Angecheka. Lakini mtu akifa, unapewa siku."

Akaniomba nisiseme, siku tatu tu, atarudi. Tulikuwa na milango ishirini ya chuma ya kumalizia shule moja, na hakuna aliyechomelea kama yeye.

Nilirudi nikiwaka. Mtu ametumikia moto miaka tisa. Kwa nini aue jamaa kwa mdomo ndipo apumzike? Nikaona ukweli utamtetea. Kesho yake nikamweleza Githinji yote mbele ya watu, kichwa juu, nikitaka aone haya.

Hakuona. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni kichwa," akasema. "Basi asirudi. Mashine ya kuchomelea siwezi kumwachia mwendawazimu."

Wenzangu nao wakadai mia mbili zao.

Fundi aliyeletwa badala yake alichomelea kwa pupa. Milango kumi na mmoja ilirudishwa, bawaba zimeachia. Shule ikachukua pesa zake na kupeleka kazi kwingine. Watu wanne waliachishwa. Mimi nilibakizwa, na Ijumaa Githinji akaniita kando, akaniambia kwa sauti ya chini nimpigie Otiende: mshahara uleule, maswali hakuna.

Aliyeshika simu ni Benta. Nilimweleza.

"Ile kazi ndiyo iliyokuwa ikimwamsha, shemeji," alisema. "Sasa hata kuketi haketi, amelala tu."

Githinji alikuwa amesimama karibu nami, akitaka kujua atafika saa ngapi.