Nyota Moja kwa Msusi

Wewe ulipita. Usiniambie hukuona. Kiti cha msusi kilikuwa kimelala ubavu mbele ya kibanda, vitana vimetapakaa kwenye tope, nawe ukapandisha suruali isichafuke, ukaenda zako. Basi kaa usikie ulichokiruka.

Msusi yule wateja walimwita Mkono Mwepesi, maana mtu alikaa akasinzia, akaamka kichwa kimekwisha. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa kazi hiyo. Uongozi wa soko ulipotangaza kwamba vibanda vitabaki kwa wenye nyota nyingi kwenye ukurasa wa soko mtandaoni, hakuhangaika. Wateja alikuwa nao. Simu walikuwa nazo. Walichokosa ni mtu wa kuwaelekeza.

Akatokea mke wa meneja wa soko, mwenye saluni ya vioo pale getini. Akapita kwa wateja wa msusi, tabasamu mpaka magego, akiwashikia simu.

"Bonyezeni nyota ya kwanza, mama zangu. Moja tu. Kama darasani, wa kwanza si ndiye bora?"

Wakabonyeza. Mmoja wao, muuza mkaa, alibonyeza kwa nguvu, utadhani anapiga muhuri.

Meneja alipomwita msusi ofisini hakumpa hata pa kukaa. Alimgeuzia kompyuta.

"Nyota moja, nyota moja, nyota moja. Wateja wako mwenyewe wamekukataa, mama."

"Soma na walichoandika, baba."

Chini ya nyota ya muuza mkaa palikuwa na maneno: Mungu amuweke. Hajawahi kuniumiza kichwa.

"Mashine haisomi maneno," meneja alisema. "Inajumlisha nyota. Mimi nibishane na mashine? Keshokutwa toa vitu vyako."

"Waliambiwa wabonyeze moja."

"Na nani?"

Msusi akageukia dirishani, kwenye saluni ya vioo pale getini. Meneja akaanza kutafuta kalamu, nayo iko mkononi mwake.

Siku ya kutoka, mke wa meneja alikuja kusukwa. Ndiyo, alikuja. Wasichana wa saluni yake wangemng'oa nywele, na jioni ile alikuwa anamwoza binti yake. Akaketi, akamkabidhi msusi kichwa.

"Yale yasikuume, shoga. Ni mambo ya biashara tu."

"Hayajaniuma, dada. Inama kidogo."

"Kwani niliwadanganya? Mtu hajui nyota zinavyohesabiwa, simu ya nini?" Akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Msusi alisuka. Upande wa kulia aliusuka kwa ustadi ambao hajawahi kumpa hata bibi harusi, mistari myembamba, imelala kama imechorwa. Alipofika katikati ya utosi akaweka kitana chini, akanawa mikono.

"Mbona umeacha?"

"Nimemaliza."

"Nusu kichwa?"

"Upande wa kwanza, dada. Wa kwanza si ndio bora?"

Mke wa meneja akajipapasa. Kulia, mistari. Kushoto, kichaka. Jua lilikuwa limeshageuka, na sokoni hapakuwa na mkono mwingine wa kufuatisha ule.

"Malizia. Nitasema na mume wangu, kibanda utabaki nacho."

"Sema naye kwanza. Nipo."

Akapiga simu. Aliowaita ni askari wa soko. Wakaja, wakatupa kiti nje, wakamwaga vitana, wakafunga kibanda. Mke wa meneja akaenda kuoza binti amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, na wageni bado wanaulizana alikuwa anaumwa nini. Msusi alipopata habari hiyo alicheka peke yake, akacheka tena. Ndicho alichopata.

Muuza mkaa naye, mwanawe alipomweleza nyota zinavyotolewa, aliketi palepale barabarani akafungua ukurasa. Akabonyeza ya tano. Simu ikamjibu: Umeshatoa maoni yako. Asante. Akabonyeza tena. Umeshatoa maoni yako. Asante. Akaendelea kubonyeza mpaka masizi ya kidole chake yakafunika kioo chote, hakisomeki.

Hujachelewa. Ofisi ya meneja iko juu ya duka la magodoro, ngazi za chuma, mlango wa buluu. Inuka. Panda sasa hivi, wewe na huyo uliyekaa naye, mkadai kibanda cha yule mama. Na msishuke mpaka meneja asome kila neno waliloandika wateja, kwa sauti, dirisha likiwa wazi.