Mnyama Asiye na Mfupa

...na si uongo kamili, Mzee Muthama alijiambia, maana pale sokoni Kathonzweni alisema tu kwamba binti yake Mumbua anasomea dawa huko chuo kikuu, hayo ya daktari watu walijimalizia wenyewe, yeye hakuwakatiza, ingawa, Bwana unisamehe, ni yeye huyo huyo aliyetangaza kanisani Jumapili iliyopita kwamba binti akishasalimia ataona wagonjwa, na wagonjwa ndio hao sasa hapa kanisani, benchi tatu nzima, na mbele kabisa, kando yangu, Syokau, kaletwa na mkokoteni wa punda, ana kidonda cha mguu kilichoshinda sindano zote za penisilini za dispensari, alikuwa aende hospitali kubwa wiki jana, mimi nikamwambia ngoja daktari wetu, mimi na mdomo wangu... “Huyu mnyama anaishi baharini,” Mumbua alikuwa akisema pale mbele, “hana mfupa, hana meno, hawezi kukimbia,” na Muthama akawaza, mtoto wangu, si ungewaambia hata juu ya mbuzi... “Baba Mumbua,” Syokau akanong'ona, tayari anafungua kitambaa, “ataanza na mimi, ama? Mwambie nilikubeba mgongoni wewe ukiwa mdogo, tena ulikuwa mzito,” naye akaitikia kwa kichwa, uongo wa tatu huo na sadaka bado, na kule nyuma, kwenye benchi ya waliotengwa na kanisa, amekaa Mbuvi, katengwa miezi mitatu kwa kuuza mbuzi akidai mbuzi huyo ana mimba, na ni nani aliyesema kwenye kikao cha wazee wa kanisa kwamba uongo ni uongo hata ukiwa wa mbuzi, si ni mimi, tena nilisimama kusema... Kasyoka akamgusa kwa kiwiko. “Unatoa jasho kama mtu ameiba,” akasema bila kumtazama, na mke huyu alimwonya mapema, mtoto hatibu watu, anasaga wanyama huko Mombasa, naye akamjibu, sasa mama, nani atachinjia kuku mtu wa kusaga wanyama... “tunamsaga, tunamkamua, tunaangalia kama maji yake yanaua vijidudu vya vidonda,” sauti ya Mumbua hiyo, haitetemeki hata kidogo, “lakini bado si dawa, pengine miaka ishirini,” na Syokau hana miaka ishirini, Syokau ana mguu, na akiendelea kungoja watamkata huo mguu kwa ajili ya sifa zangu... basi nitasimama, ee Bwana nisaidie, nitasema ndugu zangu niliwadanganya, Syokau apelekwe hospitali leo hii, huyu binti si daktari, hakusema ni daktari, yeye ni mtu wa kuchunguza mnyama fulani wa baharini ambaye... ambaye hufanya nini hasa, na jina lake nani, alishataja mara mbili mimi nikihesabu benchi, na mtu hawezi kuungama nusu, kwa hiyo Mzee Muthama akaegemea mbele, akaziba sikio la upande wa Syokau kwa kiganja, akaanza kumsikiliza binti yake.