Injini Iliyofungwa Nyahanga

Kwa miaka kumi na miwili Jilala alikuwa akiendesha karasha uani kwake Nyahanga, mjini Kahama, akiwasagia wachimbaji mawe ya dhahabu, na miaka hiyo ilimwachia imani ambayo hakuna aliyewahi kuidai ushahidi: kwamba aliyeizoea mashine moja anazijua zote. Kwa hiyo injini ya pikapu yake ilipoanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, hakumwita fundi. Aliishusha mwenyewe kwa mnyororo, akaifungua juu ya meza ya mbao, huku simu iliyoegemezwa kwenye kopo ikimwonyesha mafundi wa nchi za mbali wakiimaliza kazi hiyo kwa dakika ishirini.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Kahama kwa siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi, kutoa mtoto wa jicho bure. Mama yake, ambaye kwa miaka mitatu hakuona kitu zaidi ya mwanga, aliishi Buseresere, na parokia ya huko ilikuwa imeandaa basi dogo la kuwaleta wazee. Jilala alimpigia mama simu akimtaka alikatae.

"Mayu, usipande gari la msaada kama mtu asiyezaa. Nitakufuata mwenyewe."

Mama alikubali. Alikuwa na udhaifu wa kumwamini.

Siku ya tatu alipita Ngusa, kaka wa mkewe, fundi magari wa miaka mingi. Alizitazama pistoni zilizopangwa mezani kama samaki wa kuuzwa.

"Shemeji, niachie mimi. Injini si karasha."

"Karasha linasaga mwamba, shemeji. Pistoni zinasaga nini? Hewa."

"Basi walau vyuma hivi vitoe uani hapa. Vumbi litavila. Viingize sebuleni."

"Sebuleni kwangu?" Vumilia, mke wa Jilala, alidakia kutoka jikoni. "Thubutuni muone."

Jilala alipata ufumbuzi wake. Alilizima karasha siku kumi nzima, wachimbaji wakapeleka mawe yao kwa jirani, naye akakuona kujinyima huko kuwa ndiyo utaalamu wenyewe. Kila jioni alivipaka vyuma oili kama simu ilivyofundisha, kisha akavifunika. Simu ilikuwa imesema kitambaa safi. Yeye alitumia viroba ambavyo wachimbaji walimletea mawe ndani yake, baada ya kukikung'uta kila kimoja ukutani mara tatu. Kwa macho vilikuwa safi.

Hakuimaliza Jumatatu wala Jumanne. Jumatano usiku alikaza boliti ya mwisho, na Alhamisi alfajiri injini iliitika kwa mguso wa kwanza, kwa sauti nyororo iliyomfanya Vumilia atoke nje na khanga begani. Jilala alimwacha asikilize. Kisha akashika njia ya Buseresere.

Alipoipita Masumbwe kidogo, chini ya miguu yake kulianza mkwaruzo kama wa mtu anayesaga meno usingizini. Zikafuata ngumi za chuma kwa chuma. Kisha kimya. Alimpigia Ngusa, akaketi kumsubiri. Mabasi mawili ya kuelekea kwa mama yake yalipita naye hakuyapungia mkono, kwa kuwa aliamini tatizo ni dogo.

Ngusa alifika kwa pikipiki saa tano. Alifungua oili, akaikinga kiganjani.

"Hebu gusa."

Jilala aliisugua kati ya vidole viwili. Hakuhitaji kuelezwa. Kwa miaka kumi na miwili vidole hivyo vilikuwa vikipima unga wa mwamba, na huu ulikuwa laini, wenye makali, umesagwa vizuri.

"Ulivifunika na nini?"

"Viroba."

"Viroba gani?"

Ngusa alifuta kiganja kwenye nyasi.

"Kaioshe kwenye karai, shemeji. Huenda ukapata pointi mbili za dhahabu."

Madaktari walikuwa wanafunga saa tisa. Hapakuwa tena na gari lililoweza kufika Buseresere na kurudi Kahama kabla ya saa hiyo, na Jilala aliipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Saa kumi akapiga simu.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba. Bado uko njiani?"

"Gari limekufa."

Alisikia kiti cha mama kikilia.

"Basi nivue viatu," mama alisema. "Jirani yetu Scolastika amerudi na basi la parokia. Wamemfungua bandeji asubuhi. Amekaa hapa ananitazama, ananiambia gauni langu la kitenge limepauka lote, mgongoni limetoboka. Nami nimekuwa nikilivaa kanisani."

"Watarudi tena, mayu."

"Lini?"

Mama alingoja kwa adabu, kisha akamwuliza kama amekula.